Maoni yaliyofungia karanga

Mwaka juzi, jioni moja nje ya lango la chuo, nilinunua karanga za shilingi mia tano. Kijana akakunja karatasi akafanya koni, akamimina, nikaanza kutafuna huku nikisubiri daladala. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, karatasi kuukuu imepanda cheo nchini. Haitupwi tena, inauzwa kwa kilo. Zilipobaki punje tatu nne chini ya koni nikaona wino mwekundu. Nikaikunjua. Pembeni mwa aya ya pili palikuwa na maneno mawili, "Fafanua hapa". Mwandiko ulikuwa wangu.

Ilikuwa asaimenti ya mwanafunzi wangu. Asaimenti zile nilizisahihisha siku nne mfululizo, usiku nikiwa na taa ya simu umeme ulipokatika. Nilizipeleka ofisi ya idara wanafunzi wachukue. Wachache walichukua. Wengine walishaona alama zao ubaoni, mtihani ukafanyika, likizo ikaingia, na siku ya kusafisha kabati rundo likatoka na takataka. Kwanza niliwalaumu vijana. Daladala ilipofika Mwenge nilikuwa nimeanza kujilaumu mwenyewe. Kozi imeshafungwa; huyu mwanafunzi afafanue wapi, na amfafanulie nani?

Ninayoandika hapa ni kwa wahadhiri wenzangu na kwa wanafunzi pia, maana mrejesho ni kamba ya kuvuta watu wawili. Nimeacha kuupima kwa wingi wa wino wangu. Naupima kwa kitu kimoja: mwanafunzi alifanya nini na kazi yake baada ya kuusoma.

Fundi cherehani analijua hili bila kusoma ualimu. Anakuita ujaribu gauni lingali na bandi. Anabana kiuno, anashusha pindo, wewe unasema kwapani panakaba. Angekuita baada ya kumaliza mishono yote na kupiga pasi, maneno yako yangekuwa malalamiko tu. Nasi vyuoni tunawaita wanafunzi wajaribu nguo iliyokwisha kupigwa pasi: asaimenti wiki ya sita, jaribio wiki ya kumi, maoni yanarudi wiki ya kumi na nne, kama yanarudi.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia namna ya kuandika maoni, tuzungumzie ratiba. Chukua ile asaimenti yako moja uikate vipande viwili. Wiki ya nne kila mwanafunzi alete ukurasa mmoja wenye swali analojibu, hoja yake kwa sentensi moja, na aya moja iliyokamilika. Wiki ya tano umrudishie. Kazi nzima ije wiki ya nane. Alama haziongezeki, kama ilikuwa na 15, ukurasa wa kwanza upe 3 na kazi kamili 12. Wino wangu wote sasa naumwaga kwenye ule ukurasa mmoja. Kazi ya mwisho naipa alama na mistari miwili, maana nguo imeshashonwa.

Msomi wa Australia, Royce Sadler, aliandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi anahitaji mambo matatu ili asogee: ajue kazi nzuri inafananaje, aweze kuilinganisha yake na hiyo, na awe na hatua ya kuchukua ili kupunguza pengo. Tunakimbilia la pili na la tatu, la kwanza tunaliruka. Tunamdai mtu aandike "kwa kina" naye hajawahi kuona insha hata moja yenye kina iliyoandikwa na mtu wa rika lake. Mimi siku hizi natafuta insha mbili za miaka ya nyuma, naomba ruhusa kwa wenyewe, nafuta majina, nawagawia wanafunzi bila kusema ipi ilipata ngapi. Wanakwenda kubishana kwenye vimbweta, kisha wanakuja na hukumu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, zaidi ya nusu ya darasa waliipa ushindi ile ya wastani, kwa kuwa ilikuwa na vichwa vidogo vingi na Kiingereza kizito. Ubishi wa nusu saa uliofuata ulifanya kazi ambayo jedwali langu la vigezo halijawahi kuifanya, na jedwali lile nimekuwa nikiligawa miaka tisa.

Sasa tuangalie aya moja kwa karibu. Nafundisha masomo ya maendeleo, kozi ambayo mwaka wa kwanza wote lazima waipite. Mwanafunzi mmoja aliandika hivi kuhusu Azimio la Arusha, nami nainukuu kwa Kiswahili:

"Azimio la Arusha la 1967 lilishindwa kwa sababu mbalimbali. Kwanza, kulikuwa na ukame. Pili, bei ya mafuta ilipanda. Tatu, kulikuwa na vita na Uganda. Kwa hiyo serikali ilikumbwa na changamoto nyingi ikashindwa kufikia malengo."

Mimi wa zamani ningeandika "Fafanua" mara mbili, ningepigia mstari "changamoto nyingi" na kuweka alama ya kuuliza, kisha chini: "Hoja hazina kina, 5/10." Hakuna uongo hapo. Ila angejua kufafanua angefafanua. Hakuficha maelezo mfukoni akisubiri nimwombe.

Safari hii niliandika: "Sababu zako zote tatu ni mambo yaliyoikuta serikali. Je, katika maamuzi yake yenyewe hamkuwa na kasoro? Anza na Operesheni Vijiji. Halafu weka miaka. Ukame ni 1973 na 1974. Mafuta yalipanda mwishoni mwa 1973 na tena 1979. Vita ni 1978 hadi 1979. Ukishaipanga, niambie uhaba wa chakula ulianza lini na ipi kati ya hizi inaweza kuwa sababu yake. Niletee aya hii tu, isizidi maneno 150."

Itazame. Kuna kitu nilichokiona, na nimekitaja kwa jina lake. Kuna pa kuanzia. Kuna kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ina mpaka: aya moja, maneno 150, inafanyika jioni moja. Sikumwambia yeye ni wa namna gani. Sikumpa jibu pia, ingawa kidole kiliniwasha. Ningemwandikia kasoro ninazozijua za Operesheni Vijiji, ule mpango wa serikali wa kuwahamishia watu vijijini, angezinakili, na aya ingekuwa yangu. Na makosa ya sarufi yalikuwa kumi na manne katika ukurasa ule. Niliyahesabu, nikasahihisha moja lililojirudia mara tatu, mengine nikayaacha. Hilo liliniuma kuliko yote. Mwalimu akiona kosa mkono unakwenda wenyewe. Lakini ukurasa uliojaa damu humwambia mwanafunzi kwamba koma na hoja vina uzito mmoja, naye ataanza na koma kwa sababu ndiyo rahisi. Dakika zilizotumika hazikuzidi nne. Zamani nilitumia sita, nyingi zikienda kwenye viambishi vya Kiingereza.

Na hapo kwenye Kiingereza tusimame kidogo. Mwanafunzi wetu anafundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, ila kubishana, kutania na kuelewana anafanya kwa Kiswahili. Kuna lile neno la Kiingereza tunalolipachika kwenye kila swali la mtihani, lenye kudai ajadili kwa uhakiki. Niliwahi kuuliza kundi la semina waniambie linawataka wafanye nini hasa. Wengi walisema kutafuta ubaya wa jambo. Mmoja, mkweli kuliko wote, alisema ni kuandika kurasa nyingi. Maoni ya maandishi naendelea kuyaandika kwa lugha ya kozi kwa kuwa kanuni ndiyo hiyo, lakini mwanafunzi akikaa kwenye kiti ofisini kwangu tunazungumza Kiswahili. "Umetaja, hujaeleza" ni maneno mawili. Sijakutana na asiyeyaelewa.

Najua mwenzangu mwenye darasa la watu 400 ameshaanza kuguna. Hesabu yake ni sahihi. Dakika kumi kwa kila kazi ni dakika 4,000, karibu saa 67, zaidi ya wiki moja na nusu ya saa za ofisi bila kufundisha wala kunywa chai. Haiwezekani, na anayekwambia inawezekana hajawahi kufundisha ukumbi wenye watu wanaokaa kwenye ngazi. Ninachofanya ni hiki. Navuta karatasi 40 bila kuchagua, nazisoma kwa kalamu iliyofungwa. Kufikia ya ishirini makosa yameanza kujirudia. Kufikia ya arobaini nina orodha ya matano au sita ambayo yanabeba karibu darasa zima. Nayaandika kwenye ukurasa mmoja kwa namba, kila moja likiwa na mfano uliorekebishwa. Baada ya hapo kila karatasi naiandikia namba mbili, tuseme 2 na 5, na sentensi moja inayomhusu mwenye karatasi peke yake. Dakika kumi na tano za mhadhara unaofuata naonesha aya moja ikiumwa kosa la 2, kisha ikipona. Mwakilishi wa darasa anapeleka ujumbe wangu wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, dakika tano, wausikilize hata kwenye foleni ya chakula.

Sehemu inayofanya mbinu hii isiwe uvivu inafuata hapo: simwoneshi mwanafunzi kosa lake la 2 liko wapi. Nampa wiki moja alitafute mwenyewe, alizungushie duara, aandike upya sentensi ile. Akikosea mahali pa kulitafuta, nimejua kitu kuhusu uelewa wake ambacho kusahihisha kwangu kungekificha.

Kuna suala la alama, na hapa wanafunzi wangu hawanipendi. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti kuhusu watoto wa darasa la tano na la sita nchini Israeli. Baadhi walipewa alama peke yake, baadhi maoni peke yake, baadhi vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye na kubaki na hamu ya kazi. Waliopata vyote viwili hawakuwazidi waliopata alama tupu. Ni kama maoni hayakuwapo. Walikuwa watoto, ndiyo, na chuo ni kitu kingine. Lakini mtu anayesubiri kujua kama atakula sapu, yaani kurudia mtihani, au kama mwaka huu atadisko, aondolewe chuoni na mkopo usimame, hawezi kusoma pembezoni mwa karatasi. Jicho linakwenda kwenye namba na kubaki pale. Basi maoni nayarudisha Jumatatu, alama Alhamisi, na katikati kila mmoja ananiletea mistari miwili: nitabadili nini, nitaanzia wapi. Asiyeleta anasubiri alama zake. Manung'uniko yapo. Nayavumilia.

Kuhusu sifa na kejeli nitasema kwa ufupi, ingawa ndizo zinazoumiza zaidi. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za miongo mingi, wakapata vipimo 607 vya athari za mrejesho. Kwa wastani ulisaidia. Ila katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo, watu waliopewa mrejesho walifanya vibaya zaidi, na maelezo yao ni kuwa nguvu yake hupungua pale unapoyatoa macho ya mtu kwenye kazi na kuyarudisha kwenye nafsi yake. Tangu shule ya msingi ripoti zetu zimejaa "Ongeza bidii" na "Jitahidi zaidi". Bidii ya kufanya nini? Mtoto wa nafasi ya arobaini anaambiwa aongeze bidii, wa nafasi ya pili pia. Tunafika chuoni na tabia ile ile, ila sasa tumeongeza kejeli: "Wewe kidato cha sita ulivukaje?" Ukumbi unacheka. Aliyeulizwa hatainua tena mkono muhula ule, nimeshuhudia. Na "Kazi nzuri sana!" yenye alama tatu za mshangao nayo haina tofauti kubwa, mwanafunzi anafurahi na hajui alichofanya ili akirudie. Mwambie: "Hapa ulipolinganisha bei za mwaka huu na ule, hoja imesimama. Fanya hivyo na kwenye sehemu ya tatu."

Sasa wanafunzi, zamu yenu.

Maoni makali yakikufika, usiyajibu siku hiyo. Lala nayo. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya uzamili, msimamizi wangu alikaa na sura ya pili miezi mitatu, ikarudi na neno moja juu ya ukurasa wa kwanza: "Rudia." Nilikaa na hasira wiki nzima, nikasimulia kila aliyenisikiliza, nikarudia sura yote kuanzia sentensi ya kwanza kwa kubahatisha. Ilirudi tena, safari hii na maneno mawili: "Bado, rudia." Alikosea yeye. Nami nilikosea, kwa kuwa katika miezi ile yote sikumuuliza swali hata moja. Niliona kuuliza ni kumkosea adabu mkubwa.

Heshima ni kitu chetu, sisemi muiache. Ila kuna namna ya kuingia ofisini. Wengi huja hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, karibu."

"Nimekuja kuhusu alama zangu, mwalimu. Naomba unisaidie."

Mlango umeshafungwa. Mwalimu akisikia "unisaidie" anasikia kuombwa alama, anajikunja, anaanza kujitetea. Mwingine alikuja, shikamoo ile ile, akaweka karatasi mezani: "Mwalimu, hapa umeniandikia nimetaja, sijaeleza. Jana nimejaribu kueleza, hii hapa. Sijui kama imekaa." Nilivuta kiti. Nilitumia naye dakika ishirini na tano, na nje palikuwa na foleni. Tofauti ya wawili hao haikuwa akili. Mmoja alileta jaribio, na jaribio lina mahali pa kulishika.

Kabla ya kwenda ofisini, yageuze maoni yawe vitendo. "Hoja hazina mtiririko" si kitendo, huwezi kuamka asubuhi ukaufanya mtiririko. Chukua kalamu, andika pembeni mwa kila aya kwa maneno matano aya hiyo inasema nini. Soma hayo ya pembeni peke yake. Panapokatika ndipo mwalimu alipojikwaa. "Vyanzo ni vichache" ni safari ya maktaba. "Lugha si ya kitaaluma": tafuta sentensi tatu tu zilizomuudhi, na kama huzioni, hilo ndilo swali la kuuliza. Yale usiyokubaliana nayo usiyafute. Andika kwa nini hukubali. Mwalimu naye husoma kazi yako saa sita za usiku akiwa amechoka, anaweza kukosea.

Uwe na daftari la makosa, la shilingi elfu moja linatosha. Kila kazi inaporudi, andika kosa na kozi. Baada ya mihula miwili utagundua kuwa walimu watano wasiojuana wamekuwa wakikwambia jambo moja kwa maneno tofauti. Wenye diskasheni zao za jioni pia wazitumie vizuri: badala ya kumeza noti pamoja, badilishaneni rasimu siku mbili kabla ya kukusanya, na kila msomaji aseme tu alipolazimika kurudia sentensi mara ya pili. Hahitaji kujua zaidi yako ili kusema hapo amekwama.

Mnaoandika tasnifu, msipeleke sura kapa. Iambatanishe na nusu ukurasa: nimebadili nini tangu rasimu iliyopita, sina uhakika na nini, naomba unitazamie mambo haya mawili. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi na wawili ataanza na sura iliyomwambia pa kutazama. Mkimaliza kuzungumza, mtumie siku hiyo hiyo muhtasari wa mliyokubaliana. Halafu tengeneza jedwali la safu tatu: maoni, nilichofanya, ukurasa. Mtadaiwa jedwali hilo hata hivyo baada ya utetezi wa tasnifu, wakati wa masahihisho ya watahini. Afadhali mlianze sura ya kwanza. Linaokoa pia urafiki. Msimamizi akisema "hili nilishakwambia," unafungua jedwali.

Yule wa Azimio la Arusha alirudi baada ya siku tano. Maneno 162, kumi na mawili ya ziada, nikayasamehe. Alikuwa ameipanga miaka yake, akagundua kuwa nchi ilikuwa tayari inaagiza nafaka kwa wingi mwaka 1974, miaka minne kabla ya vita. Kwa hiyo vita, aliandika, haviwezi kuwa mwanzo wa uhaba, viliukuta. Ukame aliubakisha. Operesheni Vijiji aliiweka karibu yake: watu walihamishwa katika msimu wa kilimo, na ukame ukawakuta hawana shamba wala ghala. Kisha, pale nilipokuwa nimeuliza kuhusu kasoro katika maamuzi ya serikali, aliweka kinyota, na chini kabisa kwa penseli: "Mwalimu, nitatofautishaje njaa iliyoletwa na mvua na iliyoletwa na kuhamishwa, kama vyote vilitokea mwaka mmoja?"

Nilikaa na penseli ile muda mrefu. Nikamwandikia atafute wilaya mbili zilizopata ukame sawa, moja ikiwa imehamishwa kwa wingi na nyingine kidogo, na kwamba aanzie kwenye magazeti ya Uhuru ya 1974, maktaba, ghorofa ya chini. Jumatano alikuwa mlangoni, vumbi kwenye mikono, anauliza kama mwaka 1973 nao unahesabiwa.